Mkono wake naujua, jina lake silijui

Kwako Mama,

Shikamoo. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, na sikudhani ipo siku nami nitashika kalamu. Jambo hili limenikaa moyoni na nimeshindwa kulitoa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani hapa Mombasa. Kanisani kwetu niko katika kikundi cha wahudumu wa mlangoni. Tunafika saa moja asubuhi, tunapanga viti vya plastiki, tunapangusa vumbi, kisha tunasimama mlangoni. Kila anayeingia tunampa mkono, tunamwambia, "Karibu sana, Mungu akubariki," halafu tunamwonyesha pa kukaa. Nimeifanya kazi hii miaka minne na naipenda kwa moyo wangu wote.

Kuna mama mmoja amekuwa akija ibada ya pili kwa zaidi ya mwaka. Huja na watoto wawili, mdogo bado ni wa mgongoni. Hujifunga leso ya korosho, ileile kila Jumapili, na hukaa kiti cha mwisho nyuma ya nguzo. Mkono wake naujua kuliko ninavyoujua uso wake, kwa sababu ncha za vidole vyake zina rangi ya manjano isiyotoka. Kila Jumapili nilikuwa najiuliza ni rangi ya nini, na kila Jumapili nikaacha kumuuliza maana nyuma yake palikuwa na mwingine wa kupewa mkono.

Kuna Jumapili tatu mfululizo hakuja. Mama, nasema kweli mbele za Mungu: sikugundua. Hata aliporudi sikugundua kwamba alikuwa ametoka mahali.

Alhamisi moja jioni nilishuka matatu, nikaona pale stejini kibanda cha viazi karai ambacho huwa nakipita kila siku. Safari hii nilikuwa na njaa, nikasimama. Ni yeye. Alikuwa anachovya viazi kwenye uji wa unga wenye rangi ya manjano, anavitumbukiza kwenye mafuta, na ndipo nilipoelewa vile vidole. Nikafurahi, nikapaza sauti, "Kumbe ni wewe! Ulipotea wapi?"

Alinyamaza kidogo, akageuza viazi, kisha akasema: "Dada, nilifiwa na mama. Tulimzika kwao Kaloleni. Jumapili ya kwanza baada ya matanga nilikuja kanisani, nikakukuta mlangoni. Ukanipa mkono, ukaniambia karibu sana, Mungu akubariki. Nikasema amina."

Hakusema kwa hasira. Aliniwekea viazi vinne kwenye gazeti, akamiminia ukwaju, akakataa pesa yangu. Nikamuuliza ni nani aliyekuwa naye wakati wa msiba. Akaniambia wanaishi nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, majirani wengi ni Waislamu, na hao ndio waliompikia na kukaa naye mkekani, na mmoja wao akabaki na mtoto mkubwa asikose shule. "Wa kanisani hawakujua," akasema, kama vile ananitetea mimi.

Nilileta neno hili kwenye kikao chetu. Mweka hazina akasema mama huyo hayumo katika mfuko wa kusaidiana, ambao ni shilingi 200 kila mwezi, na kwamba tukienda kwake wale wanaolipa watauliza maswali. Mzee mmoja akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mwaka mzima hajashika jembe." Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba hawa wa pwani hawapendi kujichanganya. Mwenyekiti akaniambia nisilete mambo ya hisia kwenye kikao, tukaingia kwenye habari ya kununua spika.

Kanisa letu, Mama, wengi ni watu waliotoka bara kuja kutafuta kazi. Ibada ikiisha, Wakamba tuko chini ya mwarobaini, Waluo wako karibu na lango, Wataita wako jikoni kwenye chai, na kila kikundi ni lugha ya kwao. Yule mama ni Mgiriama. Akishapewa baraka hujifunga mtoto na kwenda zake. Mimi mwenyewe niko chini ya mwarobaini, siwezi kumsingizia mtu.

Sasa nina maswali. Miezi miwili imepita tangu amzike mamake. Nikienda sasa kumpa pole, si nitakuwa namchimbulia kidonda ili moyo wangu upoe? Na nitamkaribishaje kwangu, nami tunaishi chumba kimoja, mume wangu yuko kazi za zamu bandarini na mchana analala? Tatu, kikao kimeshasema. Nikienda peke yangu nitaonekana najifanya mtakatifu kuliko wazee.

Jina lake hadi leo silijui. Niliona haya kumuuliza nikiwa nimeshika viazi vyake.

Mhudumu wa mlangoni, Mikindani

—

Marahaba, mwanangu.

Nenda. Hilo la kwanza nakujibu kabla sijavuta pumzi, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Miezi miwili si kitu kwa mtu aliyefiwa na mama. Wiki ya kwanza nyumba imejaa watu, sufuria zinapishana, kila anayeingia anasema pole na mfiwa anaitikia bila kusikia. Mkeka ukishakunjwa, kila mtu akarudi kazini kwake, ndipo mtu anapolia peke yake anapochota maji. Usidhani umepitwa na wakati. Pole yako huenda ikakuta sikio lililo wazi kuliko zile zote za siku ya mazishi.

Kuhusu kumchimbulia kidonda, kidonda kiko wazi na yeye mwenyewe alikuonyesha pale kwenye karai. Hukumwomba akusimulie ile Jumapili, alikusimulia. Mtu hamwambii hivyo mtu aliyemkatia tamaa.

Ila nenda vizuri. Usiende na watu kumi na wawili waliovaa sare, na boksi la unga, na simu ya kupiga picha za kuweka kwenye kikundi cha WhatsApp. Nimeona ziara za namna hiyo. Mfiwa hupangwa katikati kama kikombe cha ushindi, na wageni wakiondoka yeye ndiye anayebaki na deni la vikombe vya chai. Nenda peke yako, au na mwenzako mmoja anayejua kunyamaza. Chukua kilo ya sukari na majani ya chai. Ukishaketi, mwambie neno lile lile lilivyo: "Siku ile nilikupa mkono na sikukuuliza habari zako. Nisamehe." Uishie hapo. Usimweleze kwamba kanisa ni kubwa, kwamba ibada ya pili ina watu wengi, kwamba zamu zilibadilika. Maelezo hayo yote yatakuwa ya kweli, na yote yatamfanya aanze tena kukutetea.

Kisha muulize jina. Ndiyo, utaona haya, na haya hiyo ni halali yako, ibebe. "Dada, ilinipasa kukuuliza mwaka jana: waitwa nani?" Usiniandikie mimi jina hilo. Lijue wewe, na watoto wake wote wawili ujue majina yao, na kama utaweza, muulize na la marehemu mamake. Wafiwa wengi hawapati mtu wa kuwauliza jina la marehemu wao, nao wanatamani kulitaja.

Sasa nataka turudi kwa vile viazi vinne, maana nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nimekwama hapo. Wewe umeviandika kama ushahidi wa kukuaibisha. Mimi naona kitu kingine. Mwanamke aliyekuwa na msiba alikupokea kwenye kibanda chake, akakulisha, akakataa pesa yako, akakuita dada, na ulipouliza lililokuwa la kuuliza akakusitiri. Mwanangu, siku ile wewe ndiwe uliyekaribishwa. Ile kazi unayoifanya mlangoni miaka minne, yeye aliifanya stejini kwa dakika tano.

Paulo aliwaandikia Warumi: "Mkaribishane ninyi kwa ninyi, kama naye Kristo alivyotukaribisha." Ninyi kwa ninyi. Njia hiyo ina kwenda na kurudi. Sisi wa kanisani tumezoea upande mmoja tu, ule wa kusimama mlangoni tukiwa wenyeji, na mwenzetu kila Jumapili ni mgeni wa kuonyeshwa kiti. Ndiyo maana swali lako la chumba kimoja limekulemea. Umefikiri kukaribisha ni lazima kuwe kwako, na sahani zako, na kochi lako. Tazama Bwana wetu alivyofanya. Alipofika Yeriko hakuwa na nyumba wala chumba, akamwangalia Zakayo juu ya mkuyu akamwambia ashuke upesi, kwa kuwa siku hiyo ilimpasa kushinda nyumbani mwake. Kisimani Samaria neno lake la kwanza kwa yule mwanamke lilikuwa, "Nipe maji ninywe." Aliomba. Aliwapa watu heshima ya kuwa na kitu anachokihitaji yeye.

Kwa hiyo mume wako mwache alale, na chumba chako kiache kama kilivyo. Wewe nenda kwake. Kunywa chai yake, hata kama unaona ni maziwa ya watoto, maana kuyakataa ni kumwambia kwamba hana cha kukupa. Na ombi lolote unaloweza kumwomba kwa kweli, mwombe. Akuonyeshe anavyokoroga ule unga. Akubebee mtoto wako siku ya zamu yako mlangoni. Akuombee, huyo Mungu anayemwomba nyuma ya nguzo ni yuleyule wa mbele.

Mwenzenu aliyesema watu wa pwani hawajichanganyi, ningependa apande matatu pale Mazeras aelekee Kaloleni, barabara ileile mama huyu aliyoipita kwenda kumzika mamake. Kabla hajafika mbali atapita Rabai. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, mgeni kabisa, na haukupita muda, mwezi wa saba mwaka huohuo, mkewe Rosina akafa pamoja na mtoto wao mchanga wa kike. Wamezikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mwaka 1846 alijiunga naye mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakahamia Rabai kwa idhini ya wazee wa huko, wakapewa mahali pa kukaa katikati ya Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, mgonjwa na mwenzake mgonjwa, wakishikwa na homa kwa zamu. Na wa kwanza aliyebatizwa huko hakuwa mtu wa kuketi viti vya mbele. Alikuwa Mringe, mlemavu wa mwili, tena aliyekuwa kitandani akikaribia kufa.

Nakusimulia haya kwa sababu moja tu. Katika pwani hii kanisa liliingia likiwa mgeni, tena mgeni mwenye msiba, na likapewa pa kukaa na watu wa huyo mama. Karne moja na zaidi baadaye, binti yao anakaa nyuma ya nguzo, na sisi tuliokuja kwa basi kutafuta kazi ndio tunaomwambia karibu.

Na mimi ninayesema hivi ni mtu wa kuja vilevile. Niliolewa Changamwe nikitoka Taita, miaka ya 1980, nikaingia kanisa ambalo sikumjua mtu. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiambiwa karibu, karibu, karibu, na nikirudi nyumbani nilikuwa mpweke kuliko nilivyotoka. Halafu kukatokea harusi. Mama mmoja mzee akanipitia mlangoni bila hodi ya maana, akasema, "Njoo, mchele ni mwingi na mikono michache." Tukaketi mkekani wanawake kama wanane, kila mmoja na sinia, tunatoa mawe na chuya. Mimi nilikuwa nachagua mbiombio nionekane hodari, na kila chenga niliyoiona nikaitupa. Yule mama akanishika mkono mbele ya wote. "We wa Taita, mbona wazitupa chenga? Kwenu haziliwi? Hebu sogea hapa." Akaniumba upya uchaguaji wangu wa mchele kwa dakika kumi, kwa ukali, na wenzake wakimsaidia.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mume wangu akaniuliza nimepewa nini. Nikamwambia nimegombezwa. Mgeni hagombezwi, mwanangu. Mgeni huambiwa usijali, acha tu, tutafanya wenyewe. Siku ile nilijua mimi ni wa pale, na sijaondoka.

Hapo ndipo ninapotaka kumjibu mzee wenu. Mpelekee salamu zangu kwa heshima, maana methali aliyoitoa ni nzuri na imetoka kwa watu waliojua ukarimu. Ila isomwe vizuri: siku ya tatu *mpe* jembe. Mpe. Anayelaumiwa kwa kutolima ni yule aliyekabidhiwa jembe akaliweka chini. Huyu mama ni nani aliyewahi kumkabidhi? Ni nani aliyemwambia, mwaka mzima, njoo tufagie Jumamosi, njoo uimbe, njoo utusaidie jikoni kwenye chai? Jembe lilikuwa stoo na ufunguo ulikuwa kwa wale wa chini ya mwarobaini.

Kanisa la kwanza kabisa, pale Yerusalemu, lilifikwa na jambo hilihili. Soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Waumini wa lugha ya Kiyunani walinung'unika kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika kugawiwa chakula cha kila siku. Hawakusema wamefukuzwa au wametukanwa. Walisahauliwa, na hilo ndilo neno lako wewe: sikugundua. Mitume hawakusema kwamba wajane hao hawamo kwenye orodha, wala hawakusema ni hisia. Wakaitisha watu wote na wakachaguliwa watu saba, na ukiyatazama majina yao, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, yote saba ni majina ya Kiyunani. Walionung'unika walipewa ugawaji wenyewe. Walipewa jembe.

Kwa hiyo usirudi kikaoni kugombana kuhusu mfuko. Mweka hazina wako si mtu mbaya. Pesa ile ni ya watu, wameitoa wakijinyima, na mfuko wa kuchangiana ukianza kuvunja kanuni zake hufa mwaka huohuo. Niliwahi kuona mmoja ukifa hivyo na watu wakahama kanisa. Mwachie mfuko wake. Lakini mfuko ni kitu kimoja na kwenda matangani ni kitu kingine, na kosa la kikao chenu ni kuviunganisha. Pole haina kadi. Wale majirani Waislamu hawakuuliza amelipa nini kabla ya kumpikia. Waliisikia sauti ya kilio ukumbini, wakatoka vyumbani. Na hao, ukienda, wasalimie kwa majina pia na uwashukuru. Walishika nafasi yetu.

Mwone mchungaji faraghani, siku ya kazi, si Jumapili anapozungukwa. Usimtaje yule mzee wala waliocheka. Mwambie habari ya mama, kama ulivyoniambia mimi, pamoja na kosa lako. Kisha umwombe kitu kidogo: daftari moja. Wawili kati yenu wa mlangoni waandike aliyekosekana Jumapili mbili, awe mshirika au si mshirika, na kabla ya Jumapili ya tatu mtu ampigie simu au apite kwake. Huhitaji azimio la kikao kwa hilo. Kama mchungaji ana busara, atakuuliza huyo mama angependa kusaidia wapi. Hapo utajibu kwamba unamjua, na unalijua jina lake, na utamuuliza mwenyewe. Usimpangie kazi ya kupika kwa sababu anauza viazi. Pengine mikono yake imechoka na mafuta na anatamani kuimba.

Kuonekana mtakatifu kuliko wazee? Watakaosema hivyo watakuwa wawili watatu, na watasema wiki moja. Tena ukienda bila tangazo na kurudi bila taarifa, hawatakuwa na la kusema.

Jumapili nayo ina mambo yake, nitayasema haraka. Kama kwenu mnawasimamisha wageni na kuwapa maikrofoni wajitaje, naomba mzee wa zamu afikirie upya. Mtu aliyetoka kuzika hataki maikrofoni, anataka mtu mmoja wa kukaa naye. Watu wakishaingia, wewe vua huo uhudumu, acha mlango, nenda ukaketi kiti cha mwisho nyuma ya nguzo, umbebe mtoto wakati wa nyimbo. Na baraka zikishatolewa, zile dakika kumi za kwanza usiende chini ya mwarobaini. Wa mwarobaini watakungoja. Mkifika naye, basi Kikamba kiwekwe kando kwa muda mfupi. Sisemi lugha ya mama ni dhambi. Mimi nikikutana na wa Wundanyi, Kidawida hunitoka chenyewe na moyo hutulia. Lakini mtu akisimama katikati yenu asisikie neno, mmemfungia mlango bila kuugusa. Kiswahili tunacho sote. Pale Kisauni, Frere Town, ambako watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa walianza kupewa makao kuanzia miaka ya 1870, walikutana Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi, watu walioibiwa kila mmoja kutoka kwake, na wakawa kijiji kimoja kwa lugha hii hii tunayoandikiana. Makanga wa matatu wakiita steji ya hapo, "Kengeleni!" wanaitaja kengele yao.

Nenda Jumamosi hii. Viazi karai vinauzwa jioni, kwa hiyo asubuhi ya saa nne hivi utamkuta kwenye ukumbi wa ile nyumba, na karai liko kando, na gunia limefunguliwa. Piga hodi, wasalimie wenye vyumba vingine kwanza. Mpe sukari yake mkononi. Sema lile neno lako, uliza jina. Na ukimkuta anamenya, usimwambie aache ili mzungumze. Omba kisu cha pili, vuta kibao, ukae umenye naye.